Kabla ya kukodisha mikarafuu kwa ahadi ya mpira wa Marekani

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nizungumze na wazazi wenzangu wa Pemba, na wa Unguja pia, juu ya jambo ambalo limefika hadi kwenye baraza yangu hapa Wete, nalo ni ahadi za kuwapeleka vijana wetu Marekani wakasome bure kwa kuwa wanajua kucheza mpira. Sikatai kwamba nafasi za namna hiyo zipo, na wapo vijana wa Kiafrika waliozipata wakahitimu kwa heshima. Linaloniuma ni kuwa wazazi wanalipia kitu wasichokijua, kwa fedha ambazo zingeweza kumaliza shida ya mtoto huyohuyo katika chuo cha hapahapa Zanzibar. Na jimbo lilelile linalotumiwa kuwavutia lina jambo kubwa zaidi la kutufunza, ambalo hao watoa ahadi hawalisemi hata siku moja.

Jirani yangu ni mkulima mwenye mikarafuu isiyokuwa mingi. Kabla ya msimu uliopita aliikodisha yote, karafuu zikiwa bado changa mtini, ili apate fedha taslimu za kumlipa mtu aliyejitambulisha kuwa ni wakala wa wachezaji. Mwanawe, kijana niliyemfundisha katika mwaka wangu wa mwisho kazini, ni beki hodari anayegombaniwa na timu za ndondo kutoka Wete hadi Konde. Wakala alimwahidi udhamini kamili katika timu ya soka ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Tennessee, katika mji wa Knoxville, akamwonyesha picha za uwanja mkubwa uliojaa watu waliovaa rangi ya chungwa. Akataka fedha ya fomu, kisha fedha ya kushikilia nafasi, kisha malipo ya tatu ambayo jirani yangu, alipokuwa akinihadithia, hakuweza hata kukumbuka yalikuwa ya nini. Baada ya malipo hayo simu haikupokewa tena. Msimu ulipofika, alisimama pembeni akitazama watu wengine wakichuma karafuu katika miti iliyopandwa na babu yake.

Aliponiletea zile karatasi nilizipiga picha nikampelekea mtoto wa dada yangu, ambaye wazazi wake wamepata ukaazi wa kudumu huko, naye amemaliza skuli ya sekondari katika mji huohuo wa Knoxville. Jibu lake lilikuja usiku uleule: “Mjomba, chuo hiki hakina timu ya soka ya wanaume.” Kina timu ya soka ya wanawake, lakini ya wanaume hakuna, na sababu yake si siri. Shirikisho la michezo la vyuo vikuu vya kusini ambalo Tennessee imo ndani yake haliendeshi kabisa mashindano ya soka ya wanaume. Kwa hiyo kijana wetu aliuziwa nafasi katika timu ambayo haipo. Uwanja ule wa kwenye picha ni wa mchezo mwingine kabisa, ule mpira wa Kimarekani unaochezwa zaidi kwa mikono, wachezaji wakiwa na kofia ngumu na mabega yaliyokingwa, mchezo ambao hakuna skuli hata moja ya Pemba inayoufundisha.

Nimeona ni vizuri nieleze hali ya huko kama nilivyoifahamu, kwa sababu ahadi hizi hupata nguvu pale ambapo msikilizaji hana pa kuzipimia.

Tennessee ni jimbo la kusini mwa Marekani, na chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1794, miaka miwili kabla ya eneo hilo kukubaliwa kuwa jimbo. Uwanja wake, unaoitwa Neyland, uko ukingoni mwa Mto Tennessee na huchukua watazamaji zaidi ya 100,000, ilhali wakaazi wa mji wa Knoxville wenyewe ni kiasi cha 200,000 tu. Siku za Jumamosi katika msimu wa mchezo, mji mzima hubadilika: barabara hufungwa, watu wenye nyumba karibu na uwanja hukodisha viwanja vyao kwa ajili ya kuegesha magari, na familia huanza kupika nje tangu asubuhi. Jambo lililonivutia mimi mtu wa kisiwani ni kuwa wengine huja kwa vyombo vya majini. Tangu mwaka 1962, pale mtangazaji mmoja wa redio alipoamua kwenda mechini kwa boti yake ili aepuke msongamano wa magari, desturi hiyo imekua hadi leo boti hufungwa pamoja ubavu kwa ubavu kando ya mto, na watu huvuka kutoka boti moja hadi nyingine wakisalimiana, kama tunavyoona vyombo vyetu vilivyofungwa bandarini siku ya kuamkia sikukuu. Mapenzi ya watu wale kwa timu yao ni ya kweli, na siwezi kuyadharau.

Lakini fedha iliyomo humo ni jambo jingine. Kwa miaka mingi wachezaji wa vyuo walikatazwa kulipwa, huku makocha wakubwa wakipokea mamilioni ya dola kwa mwaka. Mwezi wa Julai 2021 wachezaji waliruhusiwa kupata fedha kutokana na majina na sura zao, na mwezi wa Juni 2025 mahakama ikapitisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa moja kwa moja, kwa kiwango cha juu cha kiasi cha dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja katika mwaka wa kwanza. Chuo cha Knoxville kiliwatangazia mapema mashabiki wake kwamba tiketi za msimu wa 2025 zingeongezwa asilimia 10 kwa ajili ya kuwagharimia wachezaji. Mzazi wa Pemba akisikia habari kama hizi hudhani chuo chenye fedha namna hiyo hakiwezi kumdai mwanawe ada. Si hivyo. Wanafunzi wa chuo hicho ni zaidi ya 35,000, na wanaosomeshwa na michezo ni sehemu ndogo mno. Mwanafunzi mwenyeji wa jimbo hulipa ada ya zaidi ya dola 13,000 kwa mwaka, na anayetoka nje ya jimbo, wakiwemo wageni kama sisi, hulipa zaidi ya dola 30,000, kabla hajahesabu chumba, chakula na vitabu.

Wala hata pale ambapo soka ya wanaume ipo, kama katika Chuo Kikuu cha Memphis katika jimbo hilohilo, mambo hayakuwa kama yanavyohadithiwa. Kwa miaka mingi kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, ziliiruhusu timu nzima ya soka ya wanaume ya daraja la kwanza kutoa udhamini usiozidi thamani ya nafasi kamili 9.9, na kocha akaugawa miongoni mwa wachezaji wapatao ishirini na zaidi, huyu nusu, yule robo, mwingine vitabu tu. Kiwango hicho kimebadilishwa hivi karibuni kwa vyuo vilivyoingia katika makubaliano niliyoyataja, lakini kuruhusiwa kutoa zaidi hakumaanishi kuwa chuo kitatoa. Vyuo vya daraja la tatu havitoi kabisa udhamini wa michezo. Basi mzazi anapoambiwa “udhamini kamili” na mtu ambaye hajamwona mwanawe akicheza hata mechi moja, angeuliza kwanza ni chuo gani, daraja gani, na barua ya kocha iko wapi.

Sasa nije kwenye lile ambalo hasa limenifanya nishike kalamu. Nilipomuuliza mtoto wa dada yangu yeye anasomaje, kwa kuwa wazazi wake si watu wenye uwezo, alinieleza mpango ambao nilimtaka anirejelee mara mbili ili nihakikishe nimefahamu. Tangu mwaka 2015, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 2014 wakati wa Gavana Bill Haslam, kila kijana anayemaliza sekondari katika jimbo la Tennessee anaweza kuingia chuo cha jamii cha miaka miwili, au chuo cha ufundi, bila kulipa ada. Lilikuwa jimbo la kwanza Marekani kufanya hivyo kwa wahitimu wote, bila kujali kama baba ni tajiri au maskini, wala kama mtoto alikuwa wa kwanza au wa mwisho darasani. Mpango huo haukuanzia makao makuu ya serikali. Ulianza mwaka 2008 kama jambo dogo la wilaya moja tu, wilaya ya Knox, ambako watu binafsi walichanga fedha zao kwa ajili ya watoto wa hapo, na ulipoonekana kufaa ndipo ukaenea wilaya nyingine na hatimaye jimbo zima.

Ulivyopangwa ndivyo vilivyonipendeza zaidi. Mwanafunzi kwanza hutakiwa aombe misaada yote mingine anayostahiki kutoka serikali kuu na kutoka jimboni. Misaada hiyo ikishahesabiwa na ada ikawa bado haijatimia, mpango huziba pengo lililobaki, liwe dola 1,000 au dola 200. Kwa sababu hulipa pengo tu, fedha kidogo huwafikia watoto wengi. Naye mwanafunzi ana wajibu wake. Kabla ya kila muhula hutoa saa nane za kazi ya kujitolea kwa jamii. Binti yetu alizimaliza zake akipanga vyakula vya kugaiwa masikini na akiokota taka ukingoni mwa mto. Hutakiwa pia asome muhula kamili bila kukatiza na asishuke chini ya wastani wa alama uliowekwa. Tena kila mmoja hupewa mtu mzima wa kumwangalia, asiyelipwa chochote, mwenye kumkumbusha tarehe za fomu, kumsaidia kuelewa barua za chuo na kumuuliza hali yake, kwa kiasi cha saa moja tu kwa mwezi. Binti anasema alisaidiwa zaidi na mwanamke huyo mzee aliyekuwa akimpigia simu kuliko na fedha yenyewe, kwani baba yake na mama yake hawakuwa wakijua hata fomu inaanzia wapi.

Siufanyi mpango huo kuwa hauna kasoro. Haulipi nauli, chakula wala vitabu, na hayo ndiyo yanayowatoa wengi chuoni kabla hawajamaliza. Na chanzo chake cha fedha ni bahati nasibu ya jimbo, iliyokubaliwa kwa kura ya wananchi mwaka 2002, jambo ambalo sisi Waislamu hatuwezi kulichukua na wala silipendekezi. Kamari ni haramu, na elimu haijengwi kwa mali ya haramu. Lakini sisi tuna kitu ambacho watu wa Tennessee hawanacho. Tuna wakfu. Wazee wetu waliwakifia misikiti na vyuo vya Kurani minazi, mikarafuu na nyumba, na hadi leo ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana yenye kusimamia mali hizo. Sioni kwa nini mtu wa leo mwenye eka mbili za mikarafuu, au Mpemba aliyeko Muscat, London au Toronto, asiwakifu kitu kwa ajili ya kuziba pengo la ada na nauli ya watoto wa shehia yake.

Hapa kwetu msingi upo. Tangu Septemba 1964 elimu ilitangazwa kuwa bure Zanzibar. Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, nacho kimefika hadi Mchangamdogo hapa Pemba. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar ipo tangu mwaka 2011, mbali na ile bodi ya Muungano. Kinachowaangusha watoto wetu ni kile kilichobaki katikati. Nimewahi kuwa na mwanafunzi aliyepata nafasi ya kusoma Unguja na mkopo akapata, lakini mkopo ulichelewa, naye hakuwa na fedha ya chumba wala ya chakula kwa wiki za mwanzo. Alirudi kwa boti ya Mkoani na sanduku lake, akisema ataenda tena mwakani. Sasa yuko shamba kwa watu, anachuma. Kiasi kilichomrudisha hakikufika hata robo ya kile ambacho jirani yangu alimpa yule wakala, na hesabu hiyo inaninyima usingizi kuliko yote niliyoyaandika hapa.

Wapo watakaosema kuwa mimi ni mwalimu, na walimu hawapendi mpira. Si kweli. Niliiona furaha ya mitaa yetu mwaka 2017 timu ya taifa ya Zanzibar ilipofika fainali ya Kombe la Chalenji kule Kenya, na nasubiri kwa hamu fainali za Afrika za mwaka 2027 ambazo Tanzania itaziandaa pamoja na Kenya na Uganda. Isitoshe, jimbo hilohilo la Tennessee linathibitisha kuwa mchezo na kitabu vinaweza kwenda pamoja pale anayesimamia akikusudia hivyo. Wilma Rudolph alizaliwa mwaka 1940 karibu na mji wa Clarksville, mtoto wa ishirini kati ya ndugu ishirini na wawili, akaugua polio na akatembea miaka kadhaa na chuma mguuni. Mwaka 1960, kule Roma, alishinda medali tatu za dhahabu katika mbio. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha watu weusi mjini Nashville, ambako kocha wake, Ed Temple, hakuwa na udhamini wa michezo wa kuwapa wasichana wake. Walifanya kazi ndogondogo chuoni kila siku ili wapunguziwe gharama, wakakimbia, wakasoma, na karibu wote wakahitimu. Rudolph alipata shahada yake ya ualimu mwaka 1963. Hata mji wake ulipotaka kumpokea kwa gwaride baada ya Roma, alishikilia kwamba weupe na weusi wawe pamoja, wakati ambapo sheria na desturi za kusini ziliwatenga, na ikawa hivyo.

Na pale Knoxville penyewe, Pat Summitt alikabidhiwa timu ya mpira wa kikapu ya wanawake mwaka 1974 akiwa na umri wa miaka 22, enzi ambazo yeye mwenyewe aliendesha gari la timu na kufua jezi. Alifundisha misimu 38, akashinda michezo 1,098 na ubingwa wa taifa mara nane. Wachezaji wake walitakiwa wakae safu za mbele darasani na wasikose kipindi, na kila aliyemaliza muda wake wote wa kuchezea timu hiyo alihitimu masomo. Haya nawaambia hasa wazazi wenye mabinti wanaocheza netiboli na nage katika skuli zetu, kisha wakaachishwa wote viwili, mchezo na masomo, wafikapo kidato cha nne.

Kwa hayo yote nina maombi machache. Naiomba Wizara inayohusika na michezo, pamoja na Baraza la Taifa la Michezo, wamtake kila anayepokea fedha ya mzazi kwa ahadi ya udhamini wa michezo nje ya nchi aandikishwe na kujulikana, na wazazi watangaziwe majina hayo katika redio na kwa masheha. Mzazi naye ajue kuwa mwanafunzi hujiandikisha mwenyewe kwa NCAA, na kwamba tovuti ya chuo itamwonyesha bila malipo kama timu anayoahidiwa ipo au haipo. Lau jirani yangu angekuwa na mtu wa kumfungulia ukurasa mmoja tu, mikarafuu yake ingekuwa mkononi mwake. Naziomba klabu zetu za mitaani, ambazo hukusanya michango ya jezi na nauli kila msimu bila kushindwa, zitenge sehemu ya mchango huo kwa ajili ya mchezaji wao aliyepata nafasi ya chuo. Na naiomba shehia yoyote moja, iwe ya Wete, Micheweni au Mkoani, ithubutu kuanza kama ilivyothubutu ile wilaya ya Knox, bila kusubiri mpango wa nchi nzima.

Yule kijana beki amekubali kujaza fomu za stashahada ya ualimu, na anacheza bado. Mimi ni mstaafu na muda ninao. Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri niko barazani kwangu hapa Wete, na mtoto yeyote wa mtaa huu mwenye barua ya chuo, fomu ya mkopo au karatasi ya wakala aliyoshindwa kuielewa, aje nayo, tuisome pamoja.

Wako katika ujenzi wa elimu,

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba.